Uchuaji wa Misuli: Tiba ya Mikono Michezoni na Hospitalini

Uchuaji wa misuli, ambao wengi huuita pia masaji au kukanda, ni tiba ya mikono inayoshughulikia misuli, kano na utando unaoifunika misuli. Lengo lake ni kupunguza maumivu, kulegeza viungo vilivyokakamaa na kumsaidia mtu kurudia mwendo wake wa kawaida baada ya kuchoka au kuumia. Una matawi mawili yanayokaribiana sana. Uchuaji wa michezo humwandaa mwanamichezo kabla ya shindano, humhudumia baada yake na humtunza katika wiki za mazoezi makali. Uchuaji wa tiba hufuata tatizo mahususi: mgongo unaouma, bega lililokaza, kovu la upasuaji, kano ya kisigino inayochelewa kupona.

Afrika Mashariki kazi hii si ngeni. Mtoto mchanga wa pwani hukandwa kwa mafuta, na mama yake hukandwa kwa maji ya moto katika siku 40 za uzazi. Kwenye soka la Tanzania, mchua misuli ana nafasi yake kwenye benchi la ufundi pamoja na daktari wa timu, na jina lake hutangazwa klabu inapotaja benchi jipya. Ndiye anayeonekana akikimbilia uwanjani na begi lake mchezaji anapobanwa na misuli dakika za mwisho.

Asili na historia

Tabibu Galen alizaliwa Pergamon, mji ambao leo uko Uturuki, na mwaka 157 aliajiriwa kuwatibu wapiganaji wa ulingoni wa mji huo. Katika maandishi yake juu ya afya alitofautisha kusuguliwa kabla ya mazoezi, ili kuupasha mwili moto, na kusuguliwa baada ya mazoezi, ili kuondoa uchovu. Wachua misuli wa leo bado wanautumia mgawanyo huo.

Sura ya kisasa ya tiba hii ilianzia Ulaya. Mwaka 1813, Per Henrik Ling alianzisha chuo cha mazoezi ya viungo mjini Stockholm, Sweden, na wahitimu wake wakaueneza ujuzi wa tiba ya mikono nchi nyingi. Baadaye daktari Mholanzi Johann Georg Mezger aliwafanya madaktari wenzake waione kazi ya mikono kuwa tiba halali, na mbinu zikapangwa katika makundi yanayofundishwa hadi sasa.

London, mwaka 1894, wauguzi wanne waliunda chama cha wachua misuli waliofunzwa. Wakati huo magazeti yalikuwa yamefichua kwamba baadhi ya nyumba zilizojitangaza kuwa za masaji zilikuwa madanguro, na wauguzi hao walitaka kazi yao ilindwe kwa mafunzo, mitihani na maadili. Chama hicho ndicho kilichokua na kuwa chama kikuu cha wataalamu wa tiba ya viungo nchini Uingereza. Nchini humo, basi, tiba ya viungo kama taaluma ya hospitali ilizaliwa na wachua misuli.

Karne ya 20 iliongeza maarifa mawili makubwa. James Cyriax, daktari wa hospitali ya St Thomas' mjini London, alifundisha kusugua kano iliyoumia kwa vidole, kwa kina, kukatisha mwelekeo wa nyuzi zake. Nchini Marekani, Janet Travell, aliyekuwa daktari wa Rais John F. Kennedy, alichora ramani ya mafundo madogo ya misuli ambayo yakibonyezwa huumiza mahali pengine kabisa: fundo la shingoni, kwa mfano, huweza kuleta maumivu ya kichwa.

Kikao kinavyokwenda

Mkimbiaji wa mbio ndefu anayelalamika kwamba nyuma ya paja pamekaza haanzi kwa kulala kitandani. Kwanza huulizwa maumivu yalianza lini na yalikuja ghafla au polepole, kisha huinama, huchuchumaa na kunyanyua mguu akiwa amelala chali ili ionekane unaishia wapi. Baada ya hapo hulala kifudifudi, taulo likifunika sehemu zisizoguswa.

Mchua misuli hupaka mafuta kidogo viganjani na kuanza kwa mipapaso mirefu kutoka kwenye kigimbi kuelekea moyoni, akiupasha mguu moto huku vidole vikitafuta penye tofauti. Kisha huushika msuli kwa mikono miwili, akaunyanyua na kuuminya kama mpishi anavyokanda unga wa chapati. Akikuta fundo, hulikandamiza kwa dole gumba na kutulia hapo, akimwuliza mkimbiaji apime maumivu kati ya sifuri na kumi. Yanapaswa kubaki katika kiwango ambacho mtu bado anapumua vizuri na kuzungumza. Akianza kukunja ngumi na kuzuia pumzi, msuli nao hujikaza na kazi yote hupotea. Mwishoni mkimbiaji hunyanyua tena mguu kama alivyofanya mwanzo, na tofauti hupimwa papo hapo.

Kabla ya shindano mambo hubadilika. Kikao huwa kifupi, mikono huenda haraka na juujuu, na kupigapiga kwa viganja huamsha misuli. Kuchua kwa kina muda mfupi kabla ya mbio za kasi huepukwa, kwa kuwa baadhi ya majaribio yameonyesha kwamba kunaweza kupunguza kidogo nguvu ya kuchomoka.

Faida zinazothibitika

Faida iliyo wazi zaidi ni kupungua kwa maumivu ya misuli yanayokuja baada ya mazoezi mazito. Maumivu hayo huanza siku inayofuata na huwa makali kati ya saa 24 na 72. Mwaka 2018 watafiti walikusanya tafiti 99 zilizolinganisha njia mbalimbali za kumrudisha mwanamichezo katika hali yake, zikiwemo maji ya barafu, nguo za kubana na mazoezi mepesi. Masaji ndiyo iliyoongoza katika kupunguza maumivu hayo na hisia ya uchovu.

Kwa nini mikono itulize maumivu? Sehemu ya jibu iko kwenye mishipa ya fahamu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba taarifa za mguso zinapofika kwenye uti wa mgongo huweza kuzuia taarifa za maumivu zisipite zote kuelekea kwenye ubongo. Mguso wa utulivu pia hupunguza mapigo ya moyo na kasi ya kupumua, na mwili huingia katika hali ya mapumziko.

Sehemu nyingine imeonekana ndani ya msuli wenyewe. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwaendesha vijana 11 baiskeli hadi wakaishiwa nguvu. Kila mmoja alichuliwa paja moja tu kwa dakika 10, na la pili likaachwa kwa ajili ya kulinganisha. Vipande vidogo vya msuli vilikatwa kwenye mapaja yote mawili mara baada ya kuchuliwa, na tena saa mbili na nusu baadaye. Paja lililochuliwa lilikuwa na dalili chache za uvimbe unaotokana na kuumia kwa msuli, na liliwasha ishara zinazohusika na kutengeneza mitokondria mpya, yaani viwanda vya nishati vya seli.

Utafiti huohuo ulivunja imani iliyoshika mizizi viwanjani, kwamba masaji hukamua asidi ya laktiki. Kiwango chake hakikutofautiana kati ya mapaja. Miaka miwili kabla, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, pia Kanada, walikuwa wameonyesha kwamba kuminya msuli uliotoka kufanya kazi hupunguza mtiririko wa damu kwa muda na kuchelewesha uondoaji wa asidi hiyo. Mwili huisafisha wenyewe ndani ya saa moja hivi, hasa mtu akiendelea kutembea au kukimbia taratibu.

Masaji pia huongeza kidogo unyumbufu wa viungo. Hapo ndipo mpaka wake unapoonekana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walipochambua mwaka 2020 tafiti 29 zenye washiriki 1,012, walikuta nafuu ndogo katika unyumbufu na maumivu, lakini hawakuona ushahidi kwamba masaji humwongezea mtu nguvu, kasi, urefu wa kuruka au stamina. Anayechuliwa hapati kasi mpya mezani. Anachopata ni mwili unaoweza kuvumilia mazoezi ya kesho, na hilo kwa mwanamichezo ni jambo kubwa.

Kaptagat na Kigali

Mfano mzuri wa faida hiyo uko Kaptagat, kwenye nyanda za juu za Kenya. Katika kambi ya mazoezi ya huko, mkimbiaji Eliud Kipchoge alijenga mwili uliokimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2:01:09, miaka mitatu baada ya kukimbia umbali huo mjini Vienna kwa saa 1:59:40. Wiki ya kawaida ya mazoezi yake ilifikia kilomita 200 au zaidi. Masaji ya mara mbili kwa wiki kutoka kwa Peter Nduhiu, mtaalamu wake wa tiba ya viungo wa miaka mingi, ilikuwa sehemu ya ratiba kama zilivyokuwa mbio zenyewe. Mikono inayougusa mguu uleule wiki baada ya wiki huijua hali yake ya kawaida, hivyo hugundua ugumu mpya kabla haujageuka jeraha la kumweka mtu nje kwa miezi.

Katika mbio za baiskeli, mhudumu wa timu hujaza chupa za maji na kuandaa mifuko ya chakula asubuhi, na jioni huwachua waendeshaji hotelini. Rwanda iliishuhudia kazi hiyo kwa ukubwa wake mnamo Septemba 2025, Kigali ilipokuwa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Mbio za wanaume zilizidi kilomita 260, zikiwa na milima ambayo jumla ya mipando yake ilipita mita 5,000.

Upande wa tiba

Nje ya viwanja, wanaonufaika zaidi ni wenye maumivu ya kiuno na mgongo. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri kwamba maumivu mapya ya kiuno yaanze kutibiwa kwa njia zisizo za dawa, na kikaitaja masaji pamoja na joto. Ushahidi wenyewe si mzito, na nafuu huwa ya muda mfupi. Kwa sababu hiyo wataalamu huutumia muda huo ambao maumivu yametulia kumfundisha mgonjwa mazoezi ya kuimarisha mgongo, kwa kuwa mazoezi ndiyo yanayodumisha nafuu.

Hatari na wahudumu

Si kila panapouma panachuliwa. Kifundo kilichoteguka au msuli uliochanika huachwa kwa siku mbili tatu za mwanzo, damu inapokuwa bado inavujia ndani. Paja lililopigwa teke kali na kuvilia damu, likisuguliwa mapema, linaweza kuota mfupa ndani ya msuli. Kigimbi kimoja kilichovimba, chenye joto na kuuma baada ya safari ndefu au upasuaji kinaweza kuwa na damu iliyoganda, na kukichua kunaweza kuing'oa ikasafiri hadi mapafuni na kuua. Homa, vidonda, maambukizi ya ngozi na mifupa iliyovunjika ni sababu nyingine za kuahirisha. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wapate kwanza ushauri wa daktari.

Hivyo mafunzo ya mhudumu yana uzito. Nchini Tanzania, hospitali ya KCMC mjini Moshi imekuwa ikifundisha wataalamu wa tiba ya viungo kwa miongo mingi. Kenya huwafundisha katika vyuo vya tiba vya KMTC, na sheria ya mwaka 2014 iliunda baraza la kuwasajili. Mtu anayetafuta huduma ana haki ya kumwuliza mhudumu alisomea wapi, na mhudumu mzuri huuliza maswali ya afya kabla ya kufungua chupa ya mafuta.

Asiyeweza kumfikia mtaalamu anaweza kujichua vigimbi na mapaja kwa mafuta ya nazi, dakika tano hadi kumi baada ya mazoezi, au kuviringisha mpira wa tenisi chini ya unyayo. Wakimbiaji wachukue tahadhari ya pekee na muundi. Maumivu yanayokaa sehemu moja ndogo ya mfupa, yanayozidi kila hatua na kuendelea hata usiku, huenda yakawa dalili ya ufa mwembamba. Huo hauponi kwa kusuguliwa bali kwa kupumzika wiki kadhaa, na daktari ndiye anayeweza kuuthibitisha kwa vipimo.