Pointi za Likizo za Mkono wa Pili: Historia ya Mkataba na Bei Yake

Mkataba wa pointi za likizo humpa mwenyewe haki ya kukaa katika nyumba za mapumziko za kampuni fulani, na haki hiyo hupimwa kwa pointi anazopewa kila mwaka. Mkataba ulionunuliwa moja kwa moja kwa kampuni ni wa mkono wa kwanza. Ukiuzwa tena na mteja wa kwanza au warithi wake, unakuwa wa mkono wa pili, na bei yake kwa kawaida hushuka, wakati mwingine hadi karibu na bure. Unafuu huo una sababu zake, na sababu hizo zimejengeka kwa zaidi ya nusu karne. Mnunuzi asiyezijua anaweza kulipa kidogo leo na kulipa sana kwa miaka mingi ijayo.

Biashara hii ilianzia Ulaya. Mwaka 1963, Guido Renggli na Alexander Nette walianzisha Hapimag nchini Uswisi. Watu walinunua hisa, kampuni ikanunua na kujenga nyumba za mapumziko, na mwenye hisa akapata haki ya kukaa humo bila kumiliki chumba chochote mahususi. Katika miaka hiyohiyo, wajenzi wa kituo cha michezo ya theluji cha Superdévoluy, kwenye milima ya Alps ya Ufaransa, waliuza haki ya kukaa hapo kwa kipindi maalumu cha kila mwaka.

Nchini Marekani umiliki huu wa zamu ulishika kasi katika miaka ya 1970. Mgogoro wa mafuta wa 1973 na mdororo wa uchumi uliofuata uliwaacha wajenzi wa Florida na fleti nyingi zisizo na wanunuzi. Fleti iliyoshindikana kuuzwa kwa familia moja iligawanywa kwa wiki na kuuzwa kwa familia nyingi, kila moja ikipata wiki yake. Mwenye wiki ya pili ya Agosti alirudi wiki hiyohiyo, mara nyingi katika chumba kilekile, mwaka hadi mwaka.

Udhaifu wa mpango huo ulionekana mapema: watoto wanakua, ratiba za kazi zinabadilika, na watu hutamani mahali papya. Mwaka 1974 Jon na Christel DeHaan walianzisha RCI mjini Indianapolis ili wenye nyumba za likizo waweze kubadilishana nafasi. Interval International ilifuata mwaka 1976 mjini Miami. Ubadilishanaji huo ulidhihirisha kwamba wiki hazilingani, kwa kuwa wiki ya Krismasi hutafutwa na wengi na ya Septemba huweza kukosa mtu. Kilihitajika kipimo cha pamoja cha msimu, ukubwa wa chumba na mahali, na pointi zikawa kipimo hicho.

Mfano unaoeleza vizuri mfumo wa pointi ni Disney Vacation Club, iliyoanza mwaka 1991 katika eneo la Walt Disney World, Florida. Kila mkataba una kituo chake cha nyumbani. Mwenye mkataba anaweza kuweka nafasi katika kituo hicho miezi 11 kabla ya safari, na katika vituo vingine vinavyoruhusiwa miezi 7 kabla. Pointi ambazo hazijatumika zinaweza kuwekwa akiba kwa mwaka unaofuata, na za mwaka ujao zinaweza kukopwa. Jumla ya pointi za kituo haiongezwi, lakini kampuni inaweza kuzigawa upya kati ya siku na misimu. Jedwali la pointi la 2010 lilipunguza pointi za usiku wa wikiendi na kuongeza za siku za katikati ya wiki. Waliozoea kukaa Jumapili hadi Alhamisi waliona pointi zao zikinunua siku chache kuliko awali, ingawa idadi yake haikupungua.

Mkataba huo pia una mwisho. Ardhi ya kituo cha kwanza, ambacho sasa huitwa Old Key West, ilikodishwa kwa mradi hadi tarehe 31 Januari 2042. Baadaye wenye mikataba walipewa nafasi ya kulipia nyongeza hadi 2057, na si wote walioikubali. Hivyo katika jengo moja kuna mikataba yenye miaka tofauti ya kuishi. Kampuni nyingine ziliuza haki zisizo na kikomo, na ada za matunzo ambazo mwenye mkataba hulipa kila mwaka zikawafuata wenyewe uzeeni. Hispania ilipinga jambo hilo kwa sheria ya 1998, iliyoweka ukomo wa miaka 50, na Januari 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikatilia nguvu ukomo huo.

Soko la mkono wa pili lilikua kwa sababu sehemu kubwa ya bei ya kwanza haiingii ndani ya jengo. Hulipia matangazo, zawadi za kuwavuta wageni kwenye kikao cha mauzo na kamisheni za wauzaji. Gharama hizo hazirudi mkataba unapouzwa tena. Msukosuko wa fedha wa 2008 ulizidisha hali hiyo. Mauzo ya sekta hii nchini Marekani yalishuka kutoka takriban dola bilioni 10.6 mwaka 2007 hadi bilioni 6.3 mwaka 2009, huku familia zilizopoteza kipato zikitafuta wa kuzipokea pointi zao.

Kampuni zilijibu kwa kutofautisha wanunuzi. Kwa waliopata pointi za Disney kwa mkono wa pili kuanzia 21 Machi 2011, matumizi kadhaa nje ya vituo vya klabu, kama safari za meli, yalifungwa. Kuanzia 4 Aprili 2016 walikosa pia punguzo na manufaa mengine ya uanachama. Badiliko zito zaidi ni la 19 Januari 2019: anayenunua kwa mtu mwingine pointi za vituo 14 vya mwanzo hawezi kuzitumia Riviera, kituo kilichofunguliwa Desemba mwaka huo, na anayenunua pointi za Riviera kwa mkono wa pili hubaki Riviera. Zaidi ya hayo, kampuni ina haki ya kununua kwanza. Inaweza kuuchukua mkataba kwa bei na masharti yaleyale waliyoafikiana muuzaji na mnunuzi.

Walaghai nao waliingia. Waliwapigia simu wenye mikataba wakidai wana wateja tayari, wakatoza malipo ya awali, kisha wakatoweka. Mwaka 2012 Florida ilitunga sheria maalumu kuhusu matangazo ya mauzo haya, na Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la 2009, ulikuwa umekwisha kukataza malipo ya awali kwa huduma za kuuza tena.

Historia hii ndiyo inayotoa maswali ya kuulizwa kabla ya kusaini. Mkataba unaisha lini, au hauishi? Kituo cha nyumbani ni kipi, na familia ingefurahi kurudi huko kama vituo vingine vingefungwa kwake? Je, pointi za mwaka huu na ujao zipo, au muuzaji ameshazitumia? Ada zote zimelipwa? Ni haki zipi zinahama na zipi zinabaki kwa mteja wa kwanza? Majibu yatoke kwenye hati na kwenye uthibitisho wa kampuni yenyewe, na fedha zipitie kwa wakala wa kukamilisha mauzo anayetambuliwa kisheria.

Kisha hufuata hesabu. Chukua mfano wa mkataba wa pointi 160 unaouzwa dola 80 kwa pointi, uliobakiza miaka 16. Bei ni dola 12,800, sawa na dola 5 kwa kila pointi kwa mwaka. Ada ikiwa dola 10 kwa pointi, likizo ya mwaka inagharimu dola 2,400. Katika miaka hiyo 16 ada pekee itafika dola 25,600, yaani maradufu ya bei ya kununua, hata kama haitapanda kamwe, na kwa desturi hupanda. Kwa hiyo mkataba unaotolewa bure unaweza kuwa ghali kuliko unaouzwa.

Kiasi hicho cha mwaka kilinganishwe na gharama ya hoteli, na pia na gharama ya kukodi pointi za mwaka mmoja kutoka kwa mwenye nazo. Mkataba wa mkono wa pili unaifaa familia inayolipa taslimu, inayopenda kituo kimoja na kupanga safari karibu mwaka mzima kabla. Familia yenye kipato kisicho na uhakika, au isiyojua itakuwa wapi baada ya miaka mitano, iko salama zaidi ikikodi, kwa sababu deni la ada halisubiri hali iwe nzuri.