Tundu la Kadi katika Kipakatalishi

Vyombo huzaliwa, hutumika na hufa kama watu. Lakini chombo kikifa, ni nadra watu kuuliza kilikufa kwa sababu gani. Kwa muda wa miaka kumi na zaidi, karibu kila kipakatalishi kilikuwa na tundu jembamba ubavuni, la kuingiza kadi yenye urefu wa milimita 85.6 na upana wa milimita 54, yaani kiasi cha kadi ya benki. Kijana akitazama kipakatalishi kipya leo hatalikuta tundu hilo. Yafaa tujue lilikuja kwa haja gani, na lilipoondoka liliondoka na nini.

Tarakilishi ya mezani ilikuwa na nafasi ndani ya kasha lake, na mwenyewe akitaka kuiongezea kazi alilifungua akapachika kibao kipya. Kipakatalishi hakikuwa na nafasi hiyo. Mwaka 1989 watengenezaji walianzisha huko Marekani chama kilichojulikana kwa herufi PCMCIA, ili wapatane juu ya umbo moja la kadi. Walishirikiana na wenzao wa Japani, na mwaka 1990 kanuni ya kwanza ikatolewa. Hapo mwanzo kadi ilikuwa ya kuhifadhi kumbukumbu tu. Mwaka 1991 kanuni ya pili iliruhusu kadi za kazi nyingine, kama modemu ya kupeleka habari kwa waya wa simu.

Kadi zilikuwa na unene wa namna tatu: milimita 3.3, milimita 5 na milimita 10.5. Ndani ya tundu mlikuwa na sindano 68, nazo hazikulingana kwa urefu. Zilizokuwa ndefu zilitangulia kupitisha umeme. Zilizokuwa fupi kabisa ziligusa mwisho, zikaiarifu mashine kuwa mgeni amekwisha keti sawasawa. Kwa hekima hiyo kadi iliweza kuingizwa na kutolewa bila ya mashine kuzimwa. Lakini sifa kubwa ya tundu ilikuwa mapatano yenyewe. Kadi ya kiwanda kimoja iliingia katika mashine ya kiwanda kingine, na mnunuzi hakufungwa na muuzaji mmoja.

Mwaka 1995 njia ya habari ilipanuliwa kutoka biti 16 hadi biti 32, na kadi za zamani bado zilipokelewa. Hata hivyo mambo matatu yalikuwa yakijongea. La kwanza ni USB, iliyotokea mwaka 1996. Ilikuwa rahisi, nayo ilifaa tarakilishi za mezani na za kupakata vile vile. Mwaka 2000 mwendo wake ulifika megabiti 480 kwa nukta moja. La pili, wageni waligeuka wenyeji: modemu na mtandao vilijengwa ndani ya mashine tangu kiwandani. Mwezi wa Machi 2003 kampuni ya Intel ilileta Centrino, na mtandao usiotumia waya ukawa sehemu ya kawaida ya kipakatalishi. La tatu ni tamaa ya wembamba. Mwaka 2008 kampuni ya Apple ilionyesha MacBook Air ikitolewa ndani ya bahasha ya ofisini. Mashine ya namna hiyo haikuwa na ubavu wa kutobolewa tundu kubwa.

Chama kilijaribu kujiokoa. Mwaka 2003 kilileta ExpressCard, kadi ndogo na yenye mbio zaidi. Lakini kadi za zamani hazikuingia katika tundu lake, na mapatano ya kale yakavunjika. Mwaka 2009 Apple iliiondoa katika MacBook Pro ya inchi 15. Katika siku hizo hizo chama kilivunjwa, na kanuni zake zikakabidhiwa jumuiya inayosimamia USB.

Faida ya mabadiliko haya haikanushiki. Mashine zimekuwa nyepesi, na msafiri hana kadi za kupoteza. Hasara yake ni ya kimya. Kipakatalishi kilichotengenezwa kabla ya mtandao usiotumia waya kuenea kiliweza kuupata kwa kadi moja tu, na kadi ikiharibika ilitolewa ikawekwa nyingine. Leo, katika mashine nyingi nyembamba, hata kumbukumbu hulehemiwa juu ya kibao. USB huongeza kitu cho chote kinachoning'inia nje, lakini haiwezi kubadili kilicholehemiwa ndani. Sehemu moja ikifa, mara nyingi mashine nzima huzikwa pamoja nayo.

Yako mapatano mengine yanayochipuka. Mwaka 2021 kampuni ya Framework ya Marekani ilianza kuuza vipakatalishi vyenye vipande vidogo vya ubavuni ambavyo mwenyewe huvitoa na kuvibadili, na kumbukumbu inayoweza kubadilishwa kwa bisibisi. Haja ya zamani imerudi kwa umbo jipya.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Tundu la kadi halitarudi, wala si lazima lirudi. Lakini mtu anunuapo chombo asiridhike kuuliza wembamba wake na mbio zake. Aulize pia nani ataweza kukifungua kitakapougua. Asiyeweza kukitengeneza chombo chake wala kumpata wa kukitengeneza, amekinunua kwa bei ya mwenyewe, lakini anakitumia kama mpangaji.