Kashata za Sikukuu katika Bandari ya Mtwara

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuzungumza habari za kitu kidogo sana, ambacho wengi katika ninyi mmekila tangu utoto wala hamkuuliza asili yake. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia kwisha, na tena Krismasi ikikaribia, katika nyumba za Mikindani, na Msangamkuu, na Msimbati, na mitaa ya Mtwara yenyewe, hutoka harufu ya sukari inayoyeyuka juu ya moto pamoja na hiliki iliyotwangwa. Hapo mtoto aliyetumwa kisimani hurudi mbio bila kuhimizwa. Ni kashata zapikwa.

Labda mtu atacheka, aseme, Je, kashata nazo zina historia? Kwani historia si habari za wafalme na vita? Jawabu letu ni kwamba zinayo, tena ndefu; na kwamba mtu akitaka kujua bahari hii imetuletea nini na imetuchukulia nini, aweza kujifunza mengi katika sinia moja ya kashata.

Tuanze dukani. Duka lolote la pwani lina vitu vitamu vya kutafuna, na jina moja la vitu hivyo ni peremende. Neno hilo asili yake ni la Kiingereza, peppermint, ambalo ndimi zetu zimelilainisha. Ni jina la namna ya nanaa kali, ambayo wataalamu wa mimea wa Uingereza waliiandika mwishoni mwa karne ya 17, na mafuta yake hutiwa katika sukari ili mdomo upate ubaridi. Huko Ulaya na Marekani watu huchanganya peremende na chokoleti, wakazipika nyumbani majira ya Krismasi, baridi ikiwa kali nje. Kwetu jambo hilo lina taabu. Mafuta ya kakao huyeyuka katika joto lisilofikia hata joto la mwili wa mtu, na Desemba ya Mtwara haimsubiri mtu mpaka afike nyumbani na chokoleti yake. Basi jina la peremende lilikuja likakaa, lakini kitu cha kupika nyumbani kwa sikukuu kikabaki kuwa kashata.

Namna ya kupika kashata za njugu ni hii. Njugu hukaangwa pasipo mafuta, juu ya makaa yasiyo makali, zikikorogwa daima, mpaka ganda jembamba lianze kupasuka. Kisha husuguliwa kwa viganja na kupepetwa katika ungo. Sukari huwekwa sufuriani peke yake, au pamoja na maji kidogo tu. Hapa ndipo ujuzi ulipo. Sukari ikiondolewa motoni mapema, kashata huwa laini na kunata menoni. Ikichelewa, huwa chungu, na rangi yake nyeusi humshtaki mpishi mbele ya wageni. Mama mzoefu hudondosha tone katika kikombe cha maji ya baridi: likitawanyika, bado, likigandamana na kuvunjika kwa mlio, tayari. Hapo hutia njugu na hiliki, akakoroga upesi, akamimina juu ya sinia lililopakwa mafuta, akasawazisha kwa mgongo wa upawa, na kukata mshazari kwa kisu kabla hazijapoa. Akikawia hata kidogo, hana budi kuzivunja kwa mchi, na mawifi zake watalikumbuka jambo hilo mpaka Idi nyingine. Za nazi ni rahisi zaidi: nazi hukunwa kwa mbuzi, ikakorogwa pamoja na sukari mpaka maji yakauke. Za ufuta nazo zipo, maana nchi za Lindi na Mtwara ni nchi za ufuta.

Sasa tutazame vitu hivyo kimoja kimoja, na tukae zaidi na sukari, kwa kuwa habari yake ni nzito.

Muwa ni mgeni wa zamani pwani. Vasco da Gama alipotia nanga mbele ya Mombasa mwezi wa Aprili 1498, mfalme wa mji alimpelekea kondoo, na machungwa, na malimau, na miwa. Lakini kutafuna muwa ni jambo moja, na kupata sukari ni jambo jingine. Neno sukari limetujia kwa Kiarabu, na maarifa yenyewe yalitoka Bara Hindi, ambako watu walijua kuchemsha maji ya miwa yakawa chembe zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Muwa ukiisha kukatwa haungoji. Maji yake huharibika upesi, na yapasa yakamuliwe na kuchemshwa mara moja, mchana na usiku, kwa kuni nyingi na mikono mingi. Wenye mashamba makubwa waliona kwamba kazi hiyo ngumu haina watu wa kuitaka kwa hiari, wakaenda kutafuta watu wasioulizwa hiari yao.

Nao waliwatafuta kwetu. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Jean-Vincent Morice, alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa reale 20 kila mtu. Walikuwa wapelekwe katika visiwa vya Wafaransa, ambavyo leo twaviita Morisi na Reunion, na katika karne ya 19 visiwa hivyo vyote viwili vikawa mashamba ya miwa toka pwani mpaka miguu ya milima. Watu waliopitia Kilwa na bandari za Msumbiji walitoka bara ya kusini, Wayao, Wamakonde, Wamakua, watu wa Nyasa. Yaani majirani na jamaa za wazee wetu wa pande zote mbili za Ruvuma. Utumwa ulikomeshwa Morisi mwaka 1835, na Reunion mwaka 1848.

Hatupendi kusema kwamba wageni peke yao walitenda hivyo. Katika karne hiyo hiyo ya 19 matajiri wa Pangani, Waarabu na Waswahili, walipanda miwa kando ya mto wao, wakapika sukari guru na kuiuza Unguja. Abushiri bin Salim, yule aliyewapiga Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani mwaka 1889, alikuwa na shamba la miwa huko. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukataza watumwa wasichukuliwe baharini. Wafanya biashara wakageuza njia, wakawapitisha kwa miguu kutoka Kilwa kufuata pwani mpaka kaskazini, na Pangani ilikuwa miongoni mwa miji iliyowapokea. Miaka mitatu baadaye, 1876, Sultani akaikataza njia ya nchi kavu nayo.

Na Mikindani je? Mwezi wa Machi 1866 David Livingstone alishuka hapo, baada ya kujaribu mlango wa Ruvuma na kuona hapana njia ya kupitisha wanyama wake, maana alikuja na ngamia na nyati wa Kihindi. Akaondoka Mikindani mwezi wa Aprili kufuata Ruvuma kwenda Nyasa, safari ambayo hakurudi. Haikupita miezi mitatu akaanza kuona njiani maiti za watumwa waliofungwa mitini na kuachwa, kwa sababu hawakuweza tena kwenda pamoja na wenzao. Njia hiyo ndiyo iliyokuwa ikileta watu pwani.

Miaka 10 baadaye watu wengine walipita kuelekea upande huo huo, lakini uso wao ulielekea kwao. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa, wengi wao wazaliwa wa nchi za Nyasa, wakashuka Lindi, wakapanda bara. Walipofika Masasi waliipenda nchi, wakakaa. Hivyo ndivyo mji wa Kikristo wa Masasi ulivyoanza, na hivyo ndivyo Krismasi ilivyopata mizizi upande wetu, ikakaa karibu na Idi ya watu wa pwani. Twafikiri ni halali kabisa mtu wa Masasi akitia sukari katika sufuria yake siku hiyo, kuliko mtu awaye yote.

Tusidhani, lakini, kwamba sukari peke yake ndiyo yenye deni. Mwaka 1909 viwanda vya Cadbury, Fry na Rowntree vya Uingereza vilikataa kununua kakao ya kisiwa cha São Tomé, kwa kuwa ilibainika ya kwamba waliolima huko waliletwa kutoka Angola kwa hali isiyoachana na utumwa. Basi hata yule wa Ulaya mwenye chokoleti yake ya Krismasi alikuwa ameketi karibu nasi, ingawa hakutuona.

Njugu zina habari nyingine, nayo si ya machozi. Wakati mwingine yachekesha. Bara letu lina njugu yake ya asili, njugu mawe, mviringo na ngumu, ambayo bibi zetu huichemsha. Ile tunayoitia katika kashata asili yake ni Amerika ya Kusini, ikaletwa Afrika na Wareno katika karne ya 16. Watu wa pwani waliiita njugu nyasa, na jina lenyewe laelekeza kidole kwenye ziwa, kana kwamba mgeni huyu alizunguka bara kwanza ndipo akaja kubisha mlangoni petu. Wengine husema karanga, na jina hilo ndilo lililoingia katika vitabu vya serikali.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikosa mafuta ya kula. Hata pipi za watoto wao ziligawiwa kwa vipimo tangu Julai 1942 mpaka Februari 1953, mara nyingi wakia 12 hivi kwa majuma manne. Wakubwa wakafikiri kwamba Tanganyika ina ardhi tupu, na kwamba trekta zitaweza kupanda karanga katika ekari zaidi ya milioni 3. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Lakini zaidi ya nusu ya mashamba yote yalikusudiwa kuwa huku kwetu, katika Jimbo la Kusini, na makao yake yakawa Nachingwea. Meli kubwa zitapakia wapi? Mikindani na Lindi hazikutosha. Wakachagua ghuba ya Mtwara, yenye kina kirefu na mdomo uliofichika, mahali palipokuwa na vijiji vya wavuvi. Gati likaanza kujengwa, na reli ikatandikwa kuelekea Nachingwea.

Mizizi ya vichaka ilivunja majembe ya trekta. Udongo wa Kongwa ulipokauka ukawa kama saruji. Mvua hazikusoma barua za London. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimekwisha kupotea. Gati la Mtwara lilifunguliwa mwaka 1954, bandari nzuri iliyojengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja. Reli iling'olewa katika miaka ya 1960. Na muda huo wote kila mama mwenye kishamba nyuma ya nyumba alivuna karanga zake kikapu kimoja au viwili, zikatosha Idi, na mbegu ikabaki. Hatusemi hayo kwa kuwadhihaki waliotoka mbali. Wengi walifanya kazi kwa moyo. Twasema tu kwamba hakuna aliyekwenda kumwuliza mama huyo.

Bandari ilipata mzigo wake mwingine. Mkorosho ni mti wa Brazili. Wareno waliupanda Msumbiji katika karne ya 16, nao ukavuka Ruvuma, ukakuta mchanga wa pwani na uwanda wa Makonde unaupenda. Baada ya vita ulienea sana, na mwaka wa mavuno wa 1973 na 1974 nchi nzima ilitoa tani 145,000 hivi, nyingi zikiwa za kusini. Kubangua korosho nyumbani si mchezo, maana mafuta ya ganda huchoma ngozi. Huchomwa nje kwa moto mkali, mbali na watoto, kisha hugongwa moja moja kwa jiwe. Zile zinazovunjika hazina bei, nazo ndizo tamu kuliko zote katika kashata.

Hapo mtaona jambo moja la kupendeza. Krismasi haitoki mahali pake, nayo huangukia siku zote katika msimu wa korosho. Lakini mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, na Idi huzunguka majira yote. Kuna miaka inakutana na njugu mbichi za baada ya masika, na kuna miaka inakutana na korosho. Ndiyo sababu mzee wa Mikindani aweza kukumbuka Idi za utoto wake kwa kilichokuwamo ndani ya kashata, wala asikumbuke tarehe.

Zikiisha kupoa hutiwa mkebeni na kufunikwa vizuri, kwa sababu sukari huvuta unyevu wa hewa, na asubuhi zitakuwa zimeshikana. Nne hufungwa katika karatasi kwa ajili ya jirani wa Kikristo, au wa Kiislamu, kwa kadiri sikukuu ilivyo. Mkebe huwekwa juu ya kabati, mahali ambapo mama anadhani hapafikiwi, na watu hutoka nje kwenda ufukoni kutazama kama mwezi umeandama.