Ukaguzi wa Mikataba ya Viwango vya Huduma

Ukaguzi huu ni kazi ya kupima, kwa ushahidi ulioandikwa, iwapo mwenye kutoa huduma za kompyuta kwa njia ya intaneti, au kwa gridi ya kompyuta nyingi zilizounganishwa, ametimiza ahadi alizomwekea mteja wake juu ya upatikanaji wa huduma na kasi ya kujibu. Kampuni ya IBM ilitunga lugha ya WSLA ili mapatano yenye ahadi hizo yasomwe na mashine zenyewe. Na mwaka 2007 jumuiya ya Open Grid Forum ikatangaza kanuni ya WS-Agreement, ya kufanyia mapatano ya namna hiyo.

Ugumu wa ukaguzi huu aghalabu haumo katika hesabu, bali katika tafsiri ya hesabu. Ahadi ya asilimia 99.9 kwa mwezi wa siku 30 yaruhusu huduma ikatike kwa dakika 43 hivi. Walakini dakika hizo zahesabiwaje, na nani ashike saa? Mtoa huduma akipima mlangoni pake, hitilafu za njiani hazimhusu. Mteja akipima kwake, hata kasoro ya waya wake mwenyewe humwangukia mwenziwe. Ndiyo sababu hupendelewa shahidi wa tatu asiye na masilahi, ambaye kumbukumbu zake hutiwa saini ya kidijitali zisipate kughushiwa. Katika gridi shida huzidi, maadamu kazi moja yaweza kupita katika mashine za taasisi kadha wa kadha, kila moja na daftari lake, ilhali fidia, ambayo mara nyingi ni punguzo la ankara tu, nayo ni faraja haba, yataka kwanza mkosa ajulikane.