Magari yaliyopanda Kitonga

Ndugu msomaji, juma hili naomba tuweke kando habari za bei na siasa, tuzungumze juu ya magari makuukuu. Najua wapo watakaouliza, vyuma vilivyochakaa vina nini cha kuzungumzwa? Lipo la kuzungumza, tena si dogo. Ukipita penye gereji za siku nyingi pale Mwanjelwa mjini Mbeya, au Ipogolo kule Iringa, huwezi kukosa kuwakuta wazee wawili watatu wameketi juu ya tairi bovu wanabishana. Ubishi wenyewe si wa mpira wala wa uchaguzi. Mmoja anasema hakuna gari lililopata kuizidi Land Rover 109. Mwingine anamkatiza: wewe hukuendesha Pijo 404! Wa tatu, dereva wa lori aliyestaafu, anawatazama kwa huruma na kusema kwamba wote wawili hawajui gari, maana hawakupanda Kitonga na Fiat lenye tela.

Mimi ni mmoja wa wanaopenda kuketi hapo na kusikiliza. Nimegundua kwamba ukiufuata ubishi ule vizuri, unapata historia ya Nyanda za Juu Kusini ambayo huipati kwa urahisi vitabuni.

Tuanzie mbali kidogo. Tarehe 10 Agosti, 1907, ofisa mmoja wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililoundwa maalumu kwa safari yake. Alifika Swakopmund, pwani ya Namibia ya leo, tarehe 1 Mei, 1909. Alikuwa mtu wa kwanza kuvuka bara la Afrika kwa gari kutoka bahari moja hadi nyingine, na ilimchukua zaidi ya mwaka mmoja na miezi minane. Barabara hazikuwapo. Palipokuwa na tope au mto, gari lilivutwa na kusukumwa na Waafrika. Jina la Graetz limo vitabuni hadi leo. Ya wale waliosukuma, nani anayajua?

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kinafanana na mambo yaliyofuata. Kwa miaka mingi Iringa na Mbeya hazikuwa na reli. Treni ilipita mbali, Dodoma na Itigi, na kutoka huko abiria na mizigo ililetwa kwa mabasi na malori ya shirika la reli lenyewe. Ndiyo maana wazee wetu walisema wamesafiri na "Relwe", hali hawakuona reli wala kusikia honi ya treni. Chai ya Mufindi na Tukuyu, kahawa ya Mbozi, vifaa vya wachimba dhahabu wa Lupa kule Chunya, vyote vilitegemea dereva, fundi na utingo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja Land Rover. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Waingereza walikuwa na uhaba wa chuma cha pua, kwa hiyo bodi ikaundwa kwa aloi ya alumini, na chuma kikabaki kwenye fremu. Uhaba wao ukawa neema kwetu, maana bodi ya alumini haili kutu upesi. Namba 109 ni urefu kwa inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Gari hilo lilibeba waganga, mabwana shamba, maofisa wa serikali na walimu. Kwenye njia za Makete na Ludewa wakati wa masika, lilibeba kila mtu aliyepata mahali pa kushika.

Lakini mtihani mkubwa wa barabara yetu ulikuja tarehe 11 Novemba, 1965, pale Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia. Zambia, nchi isiyo na bahari, ilikuwa ikipata mafuta yake kupitia huko huko kusini. Njia ilipofungwa, mafuta ikabidi yatoke Dar es Salaam, yapite Morogoro, yapande Kitonga, yapite Iringa na Mbeya, yavuke Tunduma. Malori yalishuka na mapipa ya mafuta na kurudi na shaba. Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services kwa ubia wa serikali mbili na kampuni ya Kitaliano, na hapo ndipo malori ya Fiat yalipojaa barabarani.

Ndugu msomaji, barabara ile haikuwa na lami sehemu kubwa. Kiangazi vumbi lilimziba macho dereva wa nyuma, na masika ilikuwa utelezi mtupu. Waingereza waliipa jina lenye maana ya njia ya jehanamu, na hawakutia chumvi. Pale Kitonga utingo alishuka na kutembea kando ya gurudumu, kabari mkononi, ili injini ikizimika aisukumize chini ya tairi kabla lori halijarudi nyuma. Wapo walioikosa nafasi hiyo kwa nukta chache tu, na hawakurudi nyumbani. Hali ilianza kuwa nafuu bomba la mafuta la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968, kisha lami ikaja mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Lakini kabla ya bomba na reli, Zambia iliponea kwenye usukani wa madereva hao.

Na Pijo je? Sifa ya Peugeot 404 haikutokana na matangazo. Ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mara mbili kati ya hizo, mwaka 1966 na 1967, usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa na makazi yake hapa Tanzania. Watu waliona kwa macho yao kwamba gari la familia linaweza kustahimili mashimo na tope. Likawa teksi, likawa gari la mkubwa, likawa gari la harusi.

Wala magari hayakubeba furaha peke yake. Siku ya Krismasi mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Kleruu, aliuawa kule Isimani na mkulima Saidi Mwamwindi. Mwili wake ulifikishwa polisi Iringa ndani ya gari lake mwenyewe, likiendeshwa na Mwamwindi huyo huyo. Wazee wa Iringa wakilisimulia jambo hilo husimulia na gari pia.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Bei ya mafuta ilipanda, fedha za kigeni zikakauka, na spea zikawa adimu kuliko dhahabu ya Chunya. Kuna wakati magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana. Hapo ndipo mafundi wetu walipoonyesha maarifa. Tangi likivuja liliziba kwa sabuni ya mche. Springi iliyovunjika ilipata jani kutoka lori lililokufa. Land Rover iliyokosa injini ilipewa ya gari lingine kabisa, ikanguruma na kuondoka.

Wapenzi wa magari ya kale huko Ulaya husisitiza kwamba gari lenye thamani ni lile ambalo kila kitu chake ni kile kile kilichotoka kiwandani. Mimi naona kipimo hicho hakitufai. Land Rover ya Mbeya yenye injini ya Kijapani, viraka vya bati na kiti kilichoshonwa na fundi wa Sokomatola inasema kweli zaidi juu ya maisha yetu. Kila kiraka kina mwaka wake na sababu yake. Ukikibandua na kuagiza kipya kutoka ng'ambo, umefuta ukurasa.

Sisemi kwamba kila mkweche uachwe barabarani. La hasha! Gari lisilo na breki halina heshima yoyote pale Kitonga wala kwenye mteremko wa Iwambi, na anayelipenda gari lake kweli huanza na breki. Ninalosikitikia ni kwamba magari haya sasa yanakatwa kwa kilo na kuuzwa kama chuma chakavu, na pamoja nayo wanaondoka madereva na matingo waliojua habari zake.

Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika kwa wingi Arusha, na nchi nzima ikaona fahari. Jambo jema. Lakini njia ya jehanamu haikupita Arusha, ilipita kwetu. Iringa tunayo Boma, jengo la wakati wa Wajerumani ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho. Panatosha kuegesha lori moja kuukuu uani. Tena kabla ya lori, na itafutwe kinasa sauti, tuwafuate wale wazee juu ya tairi bovu, tuwaulize majina: nani alikuwa dereva, nani alishika kabari, nani hakurudi. Ya waliomsukuma Graetz tumeshayapoteza. Haya ya Kitonga bado yapo vinywani mwa watu, na watu wenyewe wamezeeka.

Tukutane tena juma lijalo.