Mtoro bin Mwinyi Bakari na Desturi ya Kutaja Watunzi

Mwaka 1903 kilichapishwa mjini Göttingen, Ujerumani, kitabu cha Kiswahili kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Ndani yake mmeelezwa mambo ya uzazi, jando na unyago, ndoa, pepo, utumwa, safari za bara na hukumu za sheria, kwa Kiswahili cha Mrima kilicho safi. Jina lililowekwa juu ya kitabu ni la Carl Velten, aliyepata kuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani Dar es Salaam, kisha mwalimu katika Chuo cha Lugha za Mashariki, Berlin. Lakini sehemu kubwa ya maneno yaliyomo ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pande za Bagamoyo.

Wala Mtoro hakuwa mtu wa mbali, aliyeulizwa maswali barazani kisha akasahauliwa. Tangu mwaka 1900 alikuwa akifundisha Kiswahili katika chuo kile kile cha Berlin, na kitabu kilipotoka alikuwa angali huko. Velten naye hakumficha, maana alimtaja katika dibaji. Ila dibaji haiingii katika orodha ya maktaba. Mtunza maktaba hunakili jina lililo juu ya kitabu. Mtaalamu hunakili orodha ya maktaba. Na mtaalamu wa pili humnakili wa kwanza, pengine bila ya kukifungua kitabu chenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka 78 kitabu hiki kutajwa kwa jina la Velten.

Huenda mtu akadhani kuwa hii ni haki ya heshima tu, wala haihusu elimu. Sivyo. Mwanahistoria atakaye kupima ushahidi juu ya unyago au juu ya utumwa hana budi kujua ni nani asemaye. Iandikwapo kwamba "Velten asema", msomaji hudhani kuwa mgeni aliona jambo akalieleza. Kumbe msemaji ni Mwislamu wa Mrima, mwenye elimu ya chuoni, mwenye cheo chake na mapendeleo yake katika mji, naye huwatazama watumwa na watu wa bara kwa macho ya mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo jina likibadilishwa, hata ushahidi hupimwa kwa mizani isiyo yake.

Washairi walisalimika zaidi. William Hichens alipochapisha mashairi ya Muyaka bin Haji mwaka 1940, jina la Muyaka liliwekwa katika kichwa cha kitabu, kwa kuwa hakuna aliyeweza kudai kuwa mashairi yale ni ya mwingine. Lakini aliyeyakusanya huko Mombasa, yasipotee kwa kufa wale walioyahifadhi, ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, ambaye W. E. Taylor aliyapokea kwake. Sikujua alifanya kazi ambayo katika nchi yoyote huitwa kazi ya mhariri. Nayo ikahesabiwa kuwa ni msaada. Basi kilichonyimwa Waswahili hakikuwa sifa ya kutunga. Walichonyimwa ni sifa ya utaalamu, yaani ya kukusanya, kuchagua na kufasiri.

Jambo hili si la Kiswahili peke yake, wala halikuzaliwa na ukoloni tu. Mwaka 1968 Robert Merton wa Marekani alieleza katika jarida la Science jinsi mwanasayansi mwenye sifa anavyozidishiwa sifa, na asiye nayo anavyopungukiwa. Makala ile ilitegemea sana mahojiano yaliyofanywa na Harriet Zuckerman. Merton mwenyewe alikiri baadaye kwamba ilistahili kubeba majina yote mawili. Walakini hata leo hutajwa kwa jina la Merton peke yake.

Mwaka 1981 J. W. T. Allen alikirudisha kitabu cha 1903 kwa mwenyewe. Tafsiri yake ya Kiingereza, iliyochapishwa na Chuo Kikuu cha California, ina jina la Mtoro katika kichwa chake. Hapo likazuka tatizo jingine, dogo lakini la kuudhi. Kanuni za marejeo hulitanguliza neno la mwisho la jina, kwa hiyo baadhi ya orodha humweka Mtoro chini ya herufi B, kama Bakari. Bakari ni babaye. (Shaaban Robert amepatwa na hayo hayo: orodha humwita Robert, nalo ni jina la baba.) Faharasa ya marejeo aliyoianzisha Eugene Garfield, na zile zilizoifuata, huhesabu majina kama yalivyoandikwa. Hivyo maneno ya mtu mmoja huweza kugawanywa kati ya Velten, Allen, Bakari na Mtoro, kila mmoja akapata fungu.

Tena kichwa cha Allen hakiishii kwa Mtoro, bali kinaongeza "na Waswahili wengine". Maana Velten alipokea khabari kwa watu kadhaa. Hao wengine hawapo katika faharasa, wala chini ya herufi yoyote.