Sio Kila Kitambi ni Doo: Protini za Damu Zinazokuchomea

Pale steji ya Voi, msee akianza kutoa kitambi utaskia mabeste wakimchocha, "Aisee, doo zimekubali!" Poa. Lakini damu yake inaweza kuwa inapiga stori ingine kabisa.

Cheki, mafuta ya tumbo ni aina mbili. Kuna yale unaweza finya na vidole, yako chini ya ngozi tu. Hayo si noma sana. Noma ni yale ya ndani, yamezunguka ini na matumbo, hata ukijaribu huwezi yashika. Ndio maana utapata dere wa lori pale Maungu, mikono na miguu nyembamba, tumbo limetangulia kama bampa, na sukari iko juu.

Mafuta hayo ya ndani hayajalala. Yanamwaga vitu kwa damu, na mshipa unaotoka huko unaingia moja kwa moja kwa ini. Protini ya kwanza ya kujua ni adiponektini. Hii ni beste yako: inasaidia mwili kuisikia insulini na inazuia ini lisitoe sukari ovyo. Ajabu ni kwamba inatengenezwa na mafuta yenyewe, lakini kitambi kikikua, inapungua. Ukipunguza uzito wa maana, inarudi. Leptini, iliyotambuliwa New York mwaka 1994, ni kinyume: mafuta yakijaa nayo inajaa, ila ubongo unaizoea, kwa hivyo ule ujumbe wa "umeshiba, wacha sahani" haufiki.

Kisha kuna IL-6. Hii inawasha moto wa chini chini, ini likiisikia linatoa protini ingine inaitwa CRP. Wasee ambao CRP yao imekaa juu kiasi kwa muda mrefu wako kwa hatari zaidi ya kupata kisukari aina ya 2. Lakini ukiwa Voi ama Taveta usijichanganye: malaria, kifua, hata jino lililooza, vyote vinapandisha CRP. Namba hiyo peke yake haikuambii una sukari.

Na usidhani ni stori ya wazungu. Mradi wa AWI-Gen ulipima watu wa miaka 40 hadi 60 kwa nchi nne za Afrika. Kenya walienda Korogocho na Viwandani, Nairobi, na mafuta ya ndani wakayaangalia na mashine ya picha kama ile ya kucheki mimba. Yaani mitaa ya kuhasoli, si Karen.

Sasa, mtu akitaka kukuuzia kipimo cha adiponektini, mwache aende. Hicho ni cha watafiti. Protini inayokuhusu wewe leo ni himoglobini, ile inayofanya damu iwe nyekundu. Sukari hujibandika juu yake, na kipimo cha HbA1c kinasoma vile umeishi miezi 2 au 3 iliyopita. Ikifika asilimia 6.5 kwenda juu, hiyo ni kisukari, ingawa kama hauna dalili watarudia kupima ndio wawe shua. Kama uko na sikoseli ama upungufu wa damu, sema mapema, maana hapo HbA1c hudanganya.

Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulipata karibu Wakenya wazima 9 kati ya 10 hawajawahi pimwa sukari. Manze! Na sukari inaweza kukaa kimya miaka ikila macho, figo na mishipa ya miguu.

Anza na futi ya fundi nguo. Pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi, bila kuvuta tumbo ndani. Boyz ikipita sentimita 94, madem 80, ingia Hospitali ya Moi hapo Voi ama kituo cha afya kilicho karibu. Kama ni kipimo cha asubuhi, kaa saa 8 bila kula. Maji sawa, chai ya mathe hapana. Mstari ni 7.0.